Riwaya ya Macho Yaliyobaki

Daktari wa macho alimwambia mama yangu mdogo kwamba hatazama gizani. Ukuta atauona, mlango atauona, na mtu akipita mbele yake atajua kuna mtu kapita. Kitakachoondoka ni cha katikati: sura ya mtu, namba za simu, herufi. Akamkadiria miezi minne, mitano Mungu akipenda. Mama Mdogo akarudi nyumbani, akakaa jikoni, akapiga hesabu. Jua la asubuhi likiingia dirishani aliweza kusoma kurasa tatu kabla macho hayajaanza kutoa machozi. Akazidisha siku kwa kurasa, akaondoa siku za mawingu, akaondoa siku za mafua, kisha akanipigia simu.

"Nimebakiwa na riwaya moja," alisema.

"Kivipi, Mama?"

"Ya kusoma kwa macho yangu mwenyewe. Moja. Nikianza kuonja hii na kuonja ile nitayamaliza kwa kuonja. Maktaba wameleta tano mpya, nimesikia. Nenda ukanionjee, uje uniambie ipi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe husemi kitu ni kizuri mpaka chenyewe kikupigie magoti."

Hiyo ilikuwa sifa na tusi kwa pamoja, na vyote viwili vilinistahili.

Ni yeye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na mmoja, akitafuta makosa katika fomu, kalenda na vitabu vya wengine. Jioni alikuja na karatasi zilizoharibika kwenye mashine, na hizo ndizo nilizojifunzia. Zilikuja zilivyokuja: ukurasa wa kumi na mbili, wa kumi na tatu, kisha wa arobaini na tano. Nilikua nikiwajua watu wengi wa riwaya bila kuwaona walivyoanza wala walivyoishia. Mwanamke mmoja alibaki amesimama kwenye ngazi, mkono hewani, kwa miaka yote ya utoto wangu. Labda ndiyo maana nikawa mzito wa kuhukumu. Ungemhukumu vipi mtu ambaye hujui anapanda ngazi au anashuka?

Kazi yangu ni miwani. Nilijifunza mwenyewe, kwa mashine ya mitumba ya kusagia lenzi na kijitabu kilichokosa jalada. Duka langu ni chumba kimoja kati ya duka la dawa na mahali pa kutoa nakala. Mteja hukaa kwenye kiti, namwekea lenzi moja, kisha nyingine, namuuliza: hii, au hii? Sina haraka. Wengine huniita Fundi Subiri, na huwa naitika. Zamani nilikuwa na chati ya herufi ukutani, lakini niligundua kwamba watu waliokuwa wakingoja zamu yao waliikariri, wakikaa kitini wanaighani kama shairi, na kuondoka na miwani isiyo yao. Tangu hapo nikawa nawapa ukurasa wa riwaya ninayoisoma. Riwaya haikaririki kwenye benchi.

Nikazichukua zile tano maktaba. Utaratibu wangu ulikuwa huu: nasoma mara moja, naacha wiki moja ipite, nasoma tena, halafu naandika maoni kwenye kadi ya vipimo, kama ninavyomwandikia mteja. Kadi zetu zina mistari miwili, jicho la kulia na jicho la kushoto. Kulia niliandika yale ambayo kitabu kinayaweza, kushoto yale kinayoyakosa. Jumapili asubuhi nilimpelekea Mama Mdogo kadi, nikamsomea jikoni kwake akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Ya kwanza ilihusu opereta wa lifti katika jengo refu, mtu aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini mpaka akawajua watu kwa pumzi zao kabla hajageuka kuwatazama. Niliisoma dukani mvua ikinyesha, na mara mbili nilihisi sakafu ikipanda chini ya kiti changu, polepole. Niliinua macho nikitegemea kuona ghorofa ya tano mlangoni.

"Jicho la kulia," nilisoma. "Mwandishi anajua kunyamaza. Jicho la kushoto: ananyamaza hadi ukurasa wa tisini."

"Na mimi hadi ukurasa wa tisini nitakuwa nafanya nini?"

"Utakuwa unapanda na kushuka."

"Mwanangu, sina kurasa za kupandia na kushukia. Nyingine."

Nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu. Ndugu wawili wanagawana nyumba ya marehemu baba yao, wanachora mstari wa chaki sakafuni, mstari unapanda juu ya meza, unapita katikati ya sufuria. Ugomvi wao ulikuwa hai kiasi kwamba nikiwa nasaga lenzi nilijikuta nawajibu. Lakini kila ugomvi ulipokwisha, mwandishi alisimama mbele yangu na kunieleza maana yake. Niliandika upande wa kushoto: anakupakulia chakula kizuri, kisha anakutafunia.

"Kurasa ngapi?"

"Mia sita na kumi."

"Hiyo mpe mwenye macho manne."

"Wewe si unavaa miwani, Mama?"

"Ninavaa yako. Kwa hiyo hesabu matatu na nusu."

Ya tatu ilikuwa ya mauaji. Mgeni anakutwa amekufa katika chumba cha hoteli kilichofungwa kwa ndani. Hiyo iliniharibia lenzi. Niliisahau kwenye mashine nikifungua ukurasa baada ya ukurasa, na mteja akaja kuchukua miwani ambayo ilikuwa imekwisha kuwa vumbi. Nilipoirudia baada ya wiki, sikukuta mtu ndani. Muuaji nilishamjua, na wale wengine wote walikuwa wamewekwa tu kumficha, kama mapazia ya nyumba ya kupanga.

"Nani aliua?" aliuliza Mama Mdogo.

"Nikikuambia hutaweza kuisoma."

"Siisomi. Nani?"

"Mhasibu."

"Nilijua tu!" alisema, ingawa hadi dakika hiyo hakuwa na habari kwamba katika kitabu hicho kuna mhasibu.

Ya nne nilikuwa nimeianza kwa kinyongo. Watu wawili wanaandikiana barua za mapenzi bila kuonana. Kila mtu ndani yake ni mzuri, na hata mvua hunyesha pale tu inapotakiwa. Nilijaza mstari wa kushoto hadi ukingoni. Kisha, ukurasa wa mia na kumi na mbili, yule mwanamume anaishiwa maneno, na kwa kuwa siku ya posta imefika anatuma bahasha tupu, imefungwa vizuri, na anwani yake juu. Yule mwanamke anaiweka pamoja na zile nyingine. Hapo nilizima mashine.

"Ulilia," alisema Mama Mdogo.

"Nilifuta miwani."

"Ulilia, mwanangu. Hii naiweza. Bahasha tupu! Kurasa ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Niachie."

Nilikuwa nimekishika kitabu mkononi. Ningemwachia tu mezani, na kesho yake jua lingeingia, naye angeanza. Badala yake nilisema neno langu.

"Subiri, Mama. Imebaki moja."

"Haya," alisema. "Nayatunza. Hata gazeti siku hizi sisomi."

Ya tano ilikuwa nyembamba kuliko zote. Katika mji wake nyumba huhama mchana, watu wakiwa kazini. Haziendi mbali, mtaa wa pili, nyuma ya soko, kando ya mto. Jioni kila mtu anatembea akitafuta yake, na hakuna anayeona ajabu. Dobi mmoja, mwanamke wa makamo, huijua nyumba yake kwa bawaba ya mlango inayolia. Anatembea mitaani akisikiliza milango ya watu, na akiisikia yake anaingia na kupika. Siku moja anakuja mgeni, analalamikia ile kelele, na dobi, kwa adabu tu, anaipaka bawaba mafuta. Kuanzia hapo kitabu chote ni mwendo wake. Anagonga hapa, anapewa maji. Anagonga pale, anafua shuka za watu, analala, anaendelea.

Nilipoimaliza sikuifunga. Nilirudi ukurasa wa kwanza palepale. Siku zile duka langu lilikuwa na ukimya wa aina nyingine. Nilikwenda kula mchana nikarudi nikikazia macho mlango wangu, rangi yake, kitasa chake, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Nilisikia milango: wa duka la dawa una mkwaruzo, wa mahali pa nakala hupumua. Wangu haukuwa na sauti yoyote, na jambo hilo lilinikosesha raha.

Lakini kadi ilibaki nyeupe. Sikujua niandike nini kulia wala kushoto. Na mwisho wake ulinitatiza: yule dobi anafika kwenye mlango, kuna mvua, kuna watu ndani, anakaribishwa, na sentensi ya mwisho inasema mlango ukafungwa bila sauti. Basi. Aliufunga nani, na dobi alikuwa upande upi? Nikaacha wiki ipite, nikairudia. Nikaacha nyingine.

Dereva mmoja wa lori alikuwa amepimiwa miwani kwa ukurasa wa thelathini wa riwaya hiyo. Wiki moja baadaye alirudi, miwani ikiwa usoni pake, haina mkwaruzo.

"Inabana?" nilimuuliza.

"Haibani. Fundi, yule mama wa bawaba alipata mlango wake?"

"Bado naipima hiyo."

"Unapima nini tena? Mimi nimeacha lori barabarani taa zinawaka. Kitabu kimenirudisha dukani kwako na miwani yangu ni mizima, wewe unataka ushahidi gani?"

Nilicheka, nikamwambia asubiri. Nikasoma mara ya nne.

Jumapili niliyoipeleka kwa Mama Mdogo ilikuwa na jua safi. Nilimwambia mlangoni: ni hii. Alifurahi, akafuta meza ambayo ilikuwa safi, akavuta kiti dirishani, akakifungua kitabu. Nilimtazama. Kichwa kilikwenda kulia, kikarudi. Akakisogeza kitabu, akakirudisha. Akavua miwani, akaivaa.

"Katikati ya mstari kuna shimo," alisema.

"Shimo la namna gani?"

"Neno ninalolitazama linaondoka. Nikitazama juu yake kidogo, linarudi. Nikilifuata, limekwenda."

Nilileta taa. Nilimwekea lenzi nilizokuja nazo, hii, au hii, na kila mara alisema ni sawasawa, akinionea huruma. Nusu saa ilipita, akawa amefika katikati ya ukurasa wa kwanza. Machozi yakaanza kutoka. Kitabu kilikuwa na kurasa mia na sitini na nane.

Nilipaswa kujua. Katika watu wote mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba macho hayawekwi akiba. Yeye aliacha hata gazeti akidhani anayatunza, nami nilimwacha adhani hivyo, na siku tulizokuwa tukizihesabu zilikuwa zinapita tu, msomaji asome asisome.

"Uliisoma mara ngapi?" aliuliza.

"Nne."

"Siku ulipoimaliza mara ya kwanza ulifanya nini?"

"Niliianza tena."

"Palepale?"

"Palepale."

"Basi siku hiyo ulijua."

"Nilijua, Mama."

Aliinuka, akaosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa. "Wanasema haraka haina baraka," alisema akiwa amenipa mgongo. "Lakini ngoja ngoja nayo yaumiza matumbo. Umenilia wiki sita, baba. Wiki sita za kurasa tatu."

Nilikaa nikitazama mikono yake kwenye maji. Nilimwomba radhi, na sauti ikatoka ndogo mno, nikaomba tena. Alikausha kikombe. Alipogeuka, uso wake ulikuwa ule wa kiwandani, wa mtu aliyeletewa kitabu mchana na mashine inakingoja jioni.

"Kitabu kikichelewa," alisema, "tulikuwa tunagawana. Mmoja anachukua mbele, mwingine anachukua nyuma. Wewe chukua mbele. Utanisomea kwa sauti hadi zibaki kurasa kumi na mbili. Hizo ni zangu. Mwisho sisomewi na mtu."

"Ukitaka kuanza na hizo, kabla..."

"Nifike mwisho bila kupita njiani? Hapana. Ila usome kwa siku tatu, siyo kwa miezi mitatu."

Kesho yake nilibandika karatasi kwenye mlango wa duka: nimefunga siku tatu. Nilisikia baadaye kwamba muuza dawa alikuwa akiwaambia wateja, "Fundi Subiri amesema msubiri," na watu walicheka barabara nzima.

Nilidhani ninajua kusoma kwa sauti. Kwenye ukurasa wa pili alinikatiza.

"Usinichezee sauti. Soma kama orodha ya vifaa. Yule niliyekuwa nasahihisha naye alikuwa anasoma mapenzi na bei ya misumari kwa sauti ileile, na nilikuwa nalia kwa zote mbili."

Nikasoma kama orodha ya vifaa. Asubuhi hadi jioni, chai ikipoa, jua likitoka dirishani na kwenda ukutani na kwenda zake. Alikaa amefumba macho, anayapumzisha. Nyumba zilihama. Dobi alitembea. Kuna saa nilidhani kwamba ninasoma usingizini, kwamba jiko hili lenye sufuria mbili na kalenda lilikuwa limesogea, na tukifungua mlango tutakuta mto. Wakati mwingine midomo yake ilitangulia neno kabla sijalisema. Siku ya tatu, saa nane mchana, nikafika ukurasa wa mia na hamsini na sita. Nikafunga.

"Hapo," alisema. "Sasa kaa kimya."

Zile kurasa kumi na mbili zilimchukua asubuhi ishirini na tatu. Nilipita kwake kila siku kabla ya kufungua duka, kwa sababu alitaka mtu wa kumshikia taa, na mtu huyo hakuruhusiwa kusema hata "enhe". Alisoma kwa kuinamisha kichwa upande, akitazama ukingo wa karatasi, kama mtu anayechungulia jirani bila kutaka aonekane. Maneno mawili. Pumzi. Maneno matatu. Nilikuwa nikitazama ukuta. Siku moja alipata ukurasa mzima, siku nyingine mstari mmoja na nusu. Kulikuwa na asubuhi ya mawingu ambayo hakupata kitu kabisa, na tulikaa tu, kitabu kimefunguliwa katikati yetu, na niliogopa hata kumeza mate. Kesho yake herufi zilirudi. Alizisalimia. "Karibuni," aliziambia.

Mstari wa mwisho aliurudia mara nne. Kisha akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Sema," aliniambia. "Sasa ruksa. Aliipata nyumba yake, hakuipata?"

"Hakuipata," nilisema. Sikungoja hata kidogo. "Wamemkaribisha, ameaga, mlango umefungwa nyuma yake. Yuko nje kwenye mvua. Anaendelea kutembea."

"Umejibu haraka leo."

"Nimeisoma mara nne, Mama. Yuko nje."

"Na viatu?"

"Viatu gani?"

"Wewe!" Alicheka, akapiga meza. "Mara nne! Viatu! Nimekaa na viatu vile siku mbili nzima. Jumanne nilipata 'viatu vyake', nikachoka. Jumatano ndiyo nikapata 'akavipanga na vile vingine'. Mtu aliyekuja kuomba maji anavipanga viatu vyake na vya wenye nyumba?"

"Hakuna viatu mahali hapo. Kuna mvua."

"Viko ndani ya mvua. Sentensi ndefu ile, ya mabati na mifereji. Katikati yake. Nitafutie."

Nilichukua kitabu. Nilirudi ukurasa mmoja, nikarudi mwingine. Sentensi ya mvua niliijua. Niliipenda, na kila mara nilikuwa nikiipita kama mtu anayepita chini ya mti wenye kivuli, bila kutazama chini. Sasa niliipita neno kwa neno, kwa kidole. Mabati. Mifereji. Maji yakijaza ndoo, yakijaza ua, naye akavua viatu vyake akavipanga na vile vingine ukutani, na maji yakijaza njia aliyojia.

Nilimsomea kwa sauti, bila kuichezea.

"Enhe," alisema Mama Mdogo. Alikuwa ametazama dirishani, upande kidogo, mahali ambapo vitu bado vilimjia. "Yuko ndani."